Oksijeni ya damu inaposhuka ghafla katika upasuaji wa moyo na mapafu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa wanaokaa upande wa kichwa cha mgonjwa, yaani madaktari na wauguzi wa usingizi, pamoja na wenzao wanaoendesha mashine ya moyo na mapafu, ile inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji. Nazungumzia hali moja tu: kifua kiko wazi, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, kisha oksijeni kwenye damu inaanza kuanguka na hakuna aliyeitegemea.

Shika mambo matatu tangu mwanzo: namba ya oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga), rangi ya damu kwa macho yako, na kipimo cha gesi za damu. Yote matatu yakisema oksijeni ni kidogo, hewa haijafika mahali pake, tafuta njiani. Yakipingana, ama kifaa kinadanganya ama damu yenyewe ina kasoro. Timu nyingi hupoteza dakika kwa sababu zimeng'ang'ania namba moja na kusahau kuviuliza vile viwili vingine.

Kabla ya kisu

Kazi ya kwanza hufanyika mgonjwa angali macho. Muulize dawa anazotumia, na usiishie kwenye dawa za moyo. Dapsoni hutumika kwa ukoma, na pia kwa baadhi ya wanaoishi na VVU wasioweza kutumia kotrimoksazoli. Primakwini hutumika kwa malaria. Zote mbili zinaweza kubadilisha hemoglobini ikashindwa kubeba oksijeni. Ulizia selimundu, na kama hakuna anayejua, agiza kipimo kabla hujampeleka mgonjwa kwenye mashine ya moyo, maana baridi, damu iliyolala na oksijeni ndogo ni maadui wa chembe hizo. Ulizia pia upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kwetu Afrika Mashariki ni jambo la kawaida, hasa maeneo yenye malaria, na jibu lake litaamua kama unaweza kutumia dawa nitakayoitaja mbele.

Angalia vidole. Mama aliyetoka harusini huja na piko jeusi hadi kwenye kucha, na oksimita inaweza kukosa kusoma au kutoa namba ya chini isiyo kweli. Hamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio. Rangi ya kucha ifutwe.

Kuna jambo jingine kuhusu ngozi zetu ambalo lilipaswa kufundishwa zamani. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa weusi ambao oksimita iliwapa asilimia 92 hadi 96 walikutwa mara nyingi zaidi na kiwango halisi kilicho chini ya 88 kuliko wagonjwa weupe, karibu mara tatu. Kwa hiyo mgonjwa wako mwenye 93 huenda yuko chini ya hapo. Chukua kipimo cha gesi za damu kabla ya usingizi, akiwa anapumua hewa ya kawaida, na uandike majibu mahali ambapo kila mtu atayaona. Ndiyo namba utakayolinganisha nayo mambo yakiharibika.

Dakika ya kwanza

Namba ikianza kushuka, sema kwa sauti. Taja namba yenyewe: "Oksijeni 88, inashuka." Daktari wa upasuaji aache kuvuta au kukandamiza alichoshika, mara nyingi mkono kwenye moyo au koleo kwenye pafu ndiyo sababu, na ataondoa tatizo kwa kuachia tu.

Fungua oksijeni asilimia 100. Kisha tazama kipimo cha oksijeni inayoingia kwa mgonjwa, kile kilichoko kwenye mashine ya usingizi. Umefungua 100 lakini kinaonyesha 30 au 21? Hapo gesi ya ukutani si ya kuaminika. Fungua mtungi wa akiba na uchomoe bomba la ukutani. Kuchomoa ni lazima, kwa sababu shinikizo la bomba la hospitali kwa kawaida ni kubwa kuliko lile linalotoka kwenye mtungi baada ya kupunguzwa, na mashine itaendelea kuvuta gesi ile ile mbovu huku mtungi ukiwa wazi bila faida. Ikiwa hospitali yako inatengeneza oksijeni kwa mtambo wake, kumbuka mtambo wa kawaida hutoa takriban asilimia 93. Usishangae kuona kipimo hakifiki 100, lakini kikianza kuteremka kutoka hapo, mtambo una shida.

Wakati huo huo, pumulisha kwa mkono. Mkono husikia mengi: mfuko mgumu, mfuko mlegevu, hewa inayovuja. Tazama mchoro wa kaboni dioksidi inayotoka kwenye pumzi. Ukipotea kabisa, ama mrija umetoka au umeziba, ama damu haizunguki. Ukiwa na shaka na mashine nzima, usianze kuichunguza mgonjwa akiwa amefungwa nayo. Mtenganishe, tumia mfuko wa Ambu (wa kupumulisha kwa mkono) na mtungi wake wenyewe, halafu mwingine achunguze mashine.

Pitisha mrija wa kufyonzea ndani ya mrija wa hewa. Usipopita, kuna kujikunja, makohozi mazito au bonge la damu. Baada ya kuhakikisha unapita, sikiliza pande zote mbili ikiwa kifua kinaruhusu.

Je, namba ni ya kweli?

Hili lisikuchukue zaidi ya nusu dakika. Mawimbi ya oksimita ni mazuri au yamelala? Mkono umepoa? Kipimo cha shinikizo la damu kinajikaza mkono ule ule? Kuna rangi yoyote ya dawa iliyodungwa muda mfupi uliopita? Tuma damu ya ateri maabara sasa hivi, kabla hujafikiria zaidi, kwa sababu majibu yanachukua muda na utayahitaji. Wakati unaivuta, itazame ndani ya sirinji. Damu nyekundu inayong'aa ikiwa oksimita inasema 80 ni habari njema. Damu nyeusi ni tatizo la kweli. Damu ya kahawia ni suala jingine, nitalifikia.

Ikiwa ni upasuaji wa pafu, na pafu moja limezimwa

Hapa kushuka kidogo kunategemewa. Damu bado inapita kwenye pafu lisilopata hewa na kurudi bila oksijeni. Mwili husaidia: mishipa ya pafu hilo hujibana ili damu ielekee upande unaopumua, lakini msaada huo huchukua muda, na dawa za kutanua mishipa au gesi ya usingizi nyingi huuvuruga. Mgonjwa anayefanyiwa upande wa kulia hushuka zaidi, kwa kuwa pafu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto.

Kushuka kwa ghafla ni jambo tofauti, na mtuhumiwa wa kwanza ni mrija wa njia mbili, ule unaotenganisha hewa ya pafu moja na la pili. Umesogea wakati mgonjwa anageuzwa ubavu, au daktari alipovuta. Usibahatishe kwa kusikiliza. Tumia bronkoskopu, kamera nyembamba ya njia ya hewa, uone mwenyewe. Njia ya hewa ya sehemu ya juu ya pafu la kulia huchipuka karibu mno na pale bomba la hewa linapogawanyika, sentimita moja na nusu hadi mbili tu kwa watu wazima wengi, na ndiyo maana wengi tunapendelea mrija wa kushoto hata kwa upasuaji wa upande wa kushoto pale inapowezekana.

Mrija ukiwa mahali pake, fuata mpangilio huu. Hakikisha moyo unasukuma vizuri na damu haijapotea, kwa sababu damu inayorudi mapafuni ikiwa imeishiwa sana oksijeni, ile inayopita pafu lililozimwa itatoka hivyo hivyo. Fungua pafu linalopumua kwa pumzi ndefu ya mkono, kisha libakishie shinikizo la sentimita 5 za maji mwishoni mwa kila pumzi. Pumzi zenyewe ziwe ndogo, mililita 4 hadi 6 kwa kilo ya uzito unaolingana na urefu wake. Bado iko chini? Peleka oksijeni yenye shinikizo dogo kwenye pafu lililozimwa, baada ya kulifungua kidogo kwanza. Daktari wa upasuaji hatapenda kwa sababu pafu litavimba na kumjazia uwanja, hasa akitumia kamera, na mnapaswa kuzungumza. Ikishuka kwa kasi, usizungumze: pumulisha mapafu yote mawili, namba irudi, ndipo mpange upya. Na kama pafu zima linatolewa, kufunga ateri yake mapema humaliza tatizo, kwani damu haitapita tena huko.

Nitaongeza moja ambalo husahaulika: pafu linalopumua, lile la chini, linaweza kupasuka na hewa ikajaa upande huo. Shinikizo la hewa linapanda, la damu linaanguka, na hakuna anayeona kwa sababu upande ule umelaliwa. Anayelifikiria hili mapema ataokoa mtu.

Ikiwa mgonjwa yuko kwenye mashine ya moyo na mapafu

Oksimita ya kidoleni hapa haina kazi, damu inatiririka bila mapigo. Tegemeo lako ni rangi ya damu kwenye mirija miwili, kipimo cha oksijeni kwenye mrija unaorudisha damu mashineni, na gesi za damu. Mrija wa kwenda kwa mgonjwa uwe mwekundu wazi, wa kurudi uwe mweusi kidogo. Mirija yote miwili ikifanana kwa weusi, oksijeneta (sehemu ya mashine inayoweka oksijeni kwenye damu) haifanyi kazi, na huna muda.

Anza na gesi, kwa kuwa huko ndiko kosa linakopatikana kwa urahisi na kutibika kwa sekunde. Fuata njia kwa mkono wako, kutoka ukutani hadi kwenye oksijeneta: kichanganyio, kipima mtiririko, chombo cha dawa ya usingizi, kila kiungo. Kifuniko cha chombo cha dawa kisichokazwa huvujisha gesi yote. Mrija umekanyagwa na gurudumu. Au, na hili hutokea mwanzoni kabisa, pampu imewashwa na gesi haijafunguliwa. Ikiwa huoni kosa lakini humwamini ukuta, unganisha mtungi wa oksijeni moja kwa moja na oksijeneta, kwa mtiririko wa kiasi, na uhakikishe tundu la kutokea gesi liko wazi. Likiziba, gesi inaweza kusukumwa ndani ya damu, na povu likifika kwenye ubongo tumemuua tuliyekuja kumwokoa.

Gesi iko sawa? Angalia matumizi. Mgonjwa anayepashwa joto, ambaye usingizi wake umepungua au dawa ya kulegeza misuli imeisha, hutumia oksijeni zaidi kuliko mashine inavyoleta. Ongeza usingizi, legeza misuli, ongeza mtiririko wa pampu. Joto na kaboni dioksidi vikipanda kwa pamoja bila sababu, fikiria homa kali inayosababishwa na gesi za usingizi.

Kisha oksijeneta yenyewe. Mashine ambayo John Gibbon alifanikiwa nayo Philadelphia tarehe 6 Mei 1953 ilitandaza damu juu ya skrini za waya. Za leo hupitisha gesi ndani ya nyuzi nyembamba za plastiki, na nyuzi hizo zina magonjwa mawili. La kwanza ni maji: mvuke hugeuka matone ndani na kuzuia gesi. Ongeza mtiririko wa gesi kwa muda mfupi, maji yatasukumwa nje. La pili ni damu kuganda. Tazama shinikizo kabla na baada ya oksijeneta. Tofauti ikipanuka, kuna mabonge. Pima muda wa kuganda papo hapo na ongeza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bila kusubiri ikiwa muda uko chini ya sekunde 400. Wengi hutaka uzidi 480. Mgonjwa aliyepozwa anaweza pia kuwa na kingamwili zinazoshikamanisha chembe za damu kwenye baridi. Hapo dawa ni kumpasha joto.

Yote yakishindikana, oksijeneta inabadilishwa. Kama moyo bado unapiga na haujafunguliwa, rudisha mapafu kazini na mtoe kwenye mashine. Ndiyo njia salama zaidi. Kama aota, mshipa mkuu utokao moyoni, imeshabanwa, mpoze kwanza wakati mtu wa pili anajaza oksijeneta mpya maji na kutoa povu. Kila nyuzi 10 za joto (Selsiasi) zikishuka, mwili hutumia takriban nusu ya oksijeni uliyokuwa unatumia, na hizo ni dakika unazoununulia ubongo. Simamisha pampu, bana mirija, kata, unganisha, kagua povu, washa. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, na haifanywi kwa mara ya kwanza siku inapohitajika. Vituo vya moyo vya ukanda wetu, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, vina timu za kudumu, na nguvu ya timu ya kudumu ni kwamba inaweza kufanya zoezi hili kwa maji ya chumvi siku ambayo hakuna mgonjwa mezani. Fanyeni, kwa saa mkononi.

Wakati wa kutoka kwenye mashine

Mapafu yamelala muda mrefu. Swali la kwanza, tafadhali usilionee aibu: mashine ya kupumulisha imewashwa? Limewahi kusahaulika mahali pengi duniani. Fungua mapafu kwa mkono ukiyatazama yakijaa mbele yako, fyonza mrija, angalia kama utando wa pafu umefunguliwa na kuna hewa au damu upande mmoja.

Ikiwa mapafu yanajaa vizuri na bado damu ni nyeusi, mwombe anayeshika kipimo cha mwangwi (ultrasound ya moyo) aangalie ukuta kati ya vyumba vya juu vya moyo. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana tundu dogo hapo ambalo halijawahi kumsumbua. Shinikizo la upande wa kulia likipanda baada ya upasuaji, tundu hilo hufunguka na damu isiyo na oksijeni huvuka. Protamini nayo, inayotolewa kuzima heparini, inaweza kupandisha shinikizo la mapafu ghafla. Iende polepole, na ikileta shida isimame mara moja.

Damu isiyobeba oksijeni

Sasa ile damu ya kahawia. Umebadilisha gesi, mrija uko sawa, mapafu yamejaa, na oksimita imeganda kwenye 85 hivi bila kujali unachofanya. Majibu ya maabara yanarudi: shinikizo la oksijeni ni milimita 400 za zebaki, yaani juu sana. Hapa namba, rangi na kipimo vimepingana waziwazi, na jibu ni methemoglobini, hemoglobini iliyoharibika, hadi ithibitike vinginevyo.

Chuma kilichomo kwenye hemoglobini kimebadilika, hakishiki tena oksijeni, na ile hemoglobini nzima iliyobaki inaishikilia oksijeni yake kwa nguvu mno kiasi cha kutoiachia kwa viungo. Oksimita hutumia mianga miwili tu na haiwezi kuitambua, ndiyo maana huelekea 85. Tahadhari na mashine ndogo za gesi za damu: nyingi hazipimi ujazo wa oksijeni, hukokotoa kutoka kwenye shinikizo, na zitakuambia 99 kwa mgonjwa anayekosa hewa. Unahitaji mashine inayopima aina za hemoglobini kwa mianga mingi. Kiasi cha kawaida ni karibu asilimia 1.

Huna mashine hiyo? Weka tone la damu ya mgonjwa juu ya shashi nyeupe, na kando yake tone la damu ya mtu mzima wa afya. Puliza oksijeni juu ya yote mawili. Damu iliyokosa oksijeni tu itageuka nyekundu mbele ya macho yako. Ile yenye methemoglobini itabaki na rangi ya chokoleti. Kipimo hiki hakihitaji umeme, na kila chumba cha upasuaji kina shashi.

Tafuta chanzo na ukizime: dawa ya benzokaini iliyopulizwa kooni kabla ya kamera au kipimo cha mwangwi, prilokaini, nitrogliserini au nitroprusidi kwa dozi kubwa, gesi ya nitriki oksidi, dapsoni. Kisha piga hesabu kwa gramu, usitazame asilimia peke yake. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya moyo ameshachanganyiwa maji na hemoglobini yake, tuseme, ni gramu 8 kwa desilita. Asilimia 25 ikiwa methemoglobini, zimebaki gramu 6 zinazofanya kazi. Vitabu husema tibu ikifika 20 mgonjwa akiwa na dalili, au 30 asipokuwa nazo, lakini huyu hawezi kukuambia dalili. Kwa maoni yangu, kifua kikiwa wazi usisubiri namba za vitabu.

Dawa ni methilini bluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, kwenye mshipa kwa dakika 5. Oksimita itaporomoka zaidi mara tu baada ya kuidunga, kwa sababu ya rangi ya dawa yenyewe. Waambie wote chumbani kabla, asije mtu akaanza kubadilisha mrija. Unaweza kurudia baada ya nusu saa hadi saa moja, jumla isizidi miligramu 7 kwa kilo, kwani dozi kubwa yenyewe huzalisha methemoglobini. Mwenye upungufu wa G6PD haimsaidii na inaweza kupasua chembe zake. Kwake tumia vitamini C, ingawa ni polepole, au kumbadilishia damu, jambo ambalo mashine ya moyo hulirahisisha. Anayetumia dawa za sonona zinazoongeza serotonini naye ana hatari yake. Na kama methilini bluu haibadilishi kitu wakati G6PD ni sawa, fikiria sulfhemoglobini, ambayo haina dawa ya kuigeuza. Humezwa na muda na damu mpya.

Baada ya upasuaji

Pima methemoglobini tena wodini ya uangalizi maalumu, hasa ikiwa chanzo ni dapsoni, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa na kuirudisha. Andika kwenye faili saa, namba, na kilichofanyika. Oksijeneta iliyoshindwa isitupwe. Ihifadhiwe na namba yake ya toleo, mtengenezaji aulizwe. Mgonjwa akishaamka vizuri, kaeni naye na ndugu zake, mweleze kwa lugha yake kilichotokea, na umpe karatasi yenye majina ya dawa asizopaswa kupewa tena, pamoja na majibu ya G6PD. Ikiwa hakuwa na dawa yoyote ya kulaumiwa, kasoro huenda ni ya kurithi, na wadogo zake nao wapimwe kabla hawajafika kwenye meza ya upasuaji kwa sababu nyingine.